BENDERA KATIKA KAMBI YA WANA WA ISRAELI
(Hesabu 2:1-2, Amosi 7:10-17)

 

Tufungue Biblia zetu, Hesabu sura ya 2. Watu waliotoka Misri wako jangwani, wanalala katika mahema, hawana nchi wala shamba, na chakula chao ni cha siku kwa siku. Sisi tunaopanga foleni na kadi ya mgawo mkononi tunawafahamu watu hawa vizuri. Hata hivyo Mungu hakuwanyang'anya bendera zao. Aliagiza kila mtu apige hema yake penye bendera yake na alama ya nyumba ya baba zake. Lakini tuangalie kambi ile ilivyopangwa: Yuda mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi, Dani kaskazini, na katikati ikakaa hema ya kukutania. Pale katikati haikusimamishwa bendera ya kabila lolote.

Tumechagua maneno haya kwa sababu tarehe 1 Julai inakaribia, siku ambayo Burundi ilipata uhuru mwaka 1962. Vijana wa kwaya wameomba bendera ya taifa ifungwe mbele, karibu na mimbari, siku ya ibada hiyo. Mama mmoja, mzaliwa wa Rumonge, akajibu kwamba kitambaa hicho kikiingia ndani, yeye atatoka nje. Vijana wakamwambia kuwa haipendi nchi yake. Maneno hayo yamefika hata kwenye bomba la maji, na wapo wanaopishana njiani bila kusalimiana. Sasa tukinyamaza sisi, nani atasema?

Kwanza tuijue bendera yenyewe, maana wengi wanaigombania bila kujua ilitoka wapi. Ile ya mwaka 1962 haikuwa na nyota. Katikati yake palikuwa na ngoma Karyenda, ngoma ya wafalme, pamoja na mmea wa mtama. Novemba 1966 ufalme ukaondolewa, na ngoma nayo ikaondolewa, ukabaki mtama peke yake. Tarehe 28 Machi 1967 mtama nao ukatoka, zikaingia nyota tatu tunazoziona hata leo. Katika miaka mitano tu alama zimebadilika mara mbili! Nyota hizo zina pembe sita, na wako ndugu wanaohubiri kwamba ni nyota za Daudi, kwa hiyo Burundi ni Israeli ya pili. Wapendwa, tusimsingizie Mungu. Nyota hizo ni maneno matatu ya taifa: Umoja, Kazi, Maendeleo. Nyeupe ni amani, kijani ni tumaini, nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru.

Na ni hapo kwenye nyekundu tunapogombana. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakawaua Watutsi, wanaume kwa wanawake na watoto. Kisha jeshi la serikali ya Micombero likawageukia Wahutu katika nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wauguzi, watumishi wa serikali, hata wachungaji. Wanaokadiria idadi ya waliokufa husema kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengine walivuka ziwa na mipaka kwa makumi elfu, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo katika Tanzania. Kule nyuma michikichi yao ikachumwa na watu wengine, na waliporudi baada ya miaka zaidi ya 30 walikuta wenye nyumba wapya wenye watoto na wajukuu. Miezi hiyo yote bendera ilikuwa ile ile, ya nyota tatu, inapepea juu ya ofisi.

Katika kanisa letu hili wako wote wawili. Yuko mzee ambaye baba yake aliuawa pwani katika siku zile za kwanza. Yuko pia mzee ambaye baba yake alichukuliwa wiki zilizofuata na hakurudi. Wanakaa kwenye benchi moja, wanashiriki kikombe kimoja. Wakiitazama nyekundu ile, kila mmoja anaona damu ya baba yake, na mara nyingi haoni ya mwenzake. Ndiyo sababu hatuwezi kumwambia mama yule kwamba haipendi nchi. Mtu anayekumbuka harufu ya mawese yakichemka, na taa za wavuvi zilizotapakaa ziwani usiku kama mji, huyo anaipenda nchi. Waliolia kando ya mito ya Babeli katika Zaburi ya 137 waliulilia mji wao na wala hawakutaja kitambaa.

Lakini na vijana nao tuwasikilize. Wengi wao ni watoto wa mwaka 2015. Tarehe 26 Aprili mwaka ule watu waliingia barabarani Bujumbura, katika Musaga, Nyakabiga na mitaa mingine, wakipinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Walisema Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yamevunjwa. Na walibeba nini mikononi? Walibeba bendera ya taifa, wakaimba wimbo wa taifa. Waliokuwa upande wa serikali nao waliibeba hiyo hiyo. Baada ya hapo wengi wetu tukajikuta Kagunga, katikati ya mlima na maji, tukingoja meli ya Liemba. (Meli hiyo nayo ni ushuhuda. Wajerumani waliijenga kabla ya Vita ya Kwanza, Waingereza wakaipa jina jipya, kisha ikawa ya Tanzania. Bendera tatu, chuma kile kile, na maji yale yale ya Tanganyika.) Basi kijana aliyevuka ziwa na bendera ndani ya mfuko wa nguo hatumwiti mwabudu sanamu. Kwake ni ahadi ambayo watu wakubwa walishindwa kuitimiza.

Je, kupinga ni dhambi? Wengine wanakimbilia Warumi 13 na kufunga Biblia hapo. Tusome na Amosi 7. Amosi alisema wazi juu ya dhuluma ya nchi, na Amazia kuhani wa Betheli akamshitaki kwa mfalme kuwa ni mfanya njama. Akamwamuru akimbilie Yuda, akale mkate wake huko. Nabii akafukuzwa kama mkimbizi! Tena sikilizeni sababu aliyotoa Amazia: kwamba Betheli ni patakatifu pa mfalme. Hapo ndipo tunapopaogopa. Katika nyumba ya Mungu iliyotiwa alama ya mfalme, neno la Mungu lilikosa nafasi. Tumeona pia huko kwetu mwaka 2019, wasichana wa shule Kirundo walipotiwa gerezani kwa kuchorachora picha ya rais katika vitabu. Alama ikishafanywa takatifu, mtoto anakuwa adui wa taifa.

Hatuandiki haya kuwachochea. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtaka mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea na asijiingize katika vitendo vya kuhujumu nchi nyingine. Anayewaita vijana wetu usiku kwa mikutano ya silaha, huyo msimfuate, hata akija na bendera kubwa namna gani.

Baada ya maombi, wazee wa kanisa pamoja nasi tumekubaliana hivi. Tarehe 1 Julai bendera itapandishwa uwanjani, kwa ruhusa ya ofisi ya makazi, na ndugu zetu wa Fizi na Uvira wakaribie na yao wakipenda. Mimbari itabaki na msalaba na Biblia. Asiyetaka kusimama uwanjani asiulizwe na mtu.

Ndani ya ibada tutasoma majina ya ndugu zetu waliokufa mwaka 1972, 1993, 2015 na miaka mingine. Kila familia ipeleke majina kwa wazee wa kanisa kabla ya Ijumaa. Wasioweza kuandika watasaidiwa na mashemasi. Majina yatapangwa kwa alfabeti, na halitatajwa kabila wala chama cha mtu.