Aliyechoshwa na kazi atibiwe, asihukumiwe imani

  

Ndugu Waislamu, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifundisha na mwalimu mmoja katika shule ya Kiislamu hapa Dar es Salaam. Asubuhi alikuwa na vipindi vyake, jioni masomo ya ziada, usiku anasahihisha madaftari, na mwisho wa wiki yuko madrasa. Mshahara nao ulikuwa wa kusubiriwa. Ikafika mahali usingizi ukamkimbia. Wanafunzi aliowapenda akawa anawaona kero, na kila akifikiria siku iliyo mbele yake, moyo unamwenda mbio.

Siku moja baada ya swala ya Adhuhuri akanivuta pembeni. "Ustadhi, nimechoka mpaka roho. Hata nikilala naamka nimechoka." Nami, bila hata kumuuliza swali moja, nikamwambia hiyo ni imani imepungua, azidishe nyiradi na kisimamo cha usiku. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakunieleza tena jambo lolote. Wiki tatu baadaye aliweka chaki chini katikati ya kipindi, akainama mezani na kulia mbele ya wanafunzi wake.

Hapo maneno yakaanza. Wako waliosema ni jini, wako waliosema ni hasadi. Akasomewa visomo, akanyweshwa kombe, miezi ikapita. Mwisho mkewe ndiye aliyempeleka hospitali, na kwa siri, kwa kuogopa watu watasema mumewe ni kichaa. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Akampa dawa, akamwandikia mapumziko, na akampangia kukutana na mshauri nasaha kila wiki. Alhamdulillah, leo anafundisha tena, kwa vipindi alivyopunguziwa.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini sisi tunaosoma Qur'an kila siku tulikuwa wa mwisho kumfaa ndugu yetu?

Ndugu msomaji, jambo hili wataalamu wanalijua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa aina hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Alama zake ni tatu: mtu kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia au kujitenga na kazi yake, na kujiona hana tena ufanisi. Hali hiyo ikiachwa, inaweza kwenda pamoja na sonona, na sonona ni maradhi kamili yanayohitaji tiba.

Je, Uislamu unasema huzuni na kuelemewa ni dalili ya kukosa imani? Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe (Qur'an 12:84). Nani atathubutu kuitilia shaka imani yake? Nabii Musa (a.s.), alipopewa kazi ya kumkabili Firauni, hakujifanya jabali. Alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, kisha akaomba msaidizi, nduguye Harun, ashirikiane naye katika kazi ile (20:25-32). Kuomba dua na kuomba mtu wa kukusaidia kubeba mzigo vilikuja katika ombi moja.

Na kuna kisa kinachonihukumu mimi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Salman (r.a.) alimtembelea Abu Dardaa (r.a.) akamkuta amezama katika ibada hadi amejisahau yeye na mkewe. Usiku Abu Dardaa alipotaka kusimama kuswali, Salman alimwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku ndipo wakasimama wote wawili kuswali. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na familia yake ina haki. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman kasema kweli. Salman alimwambia mtu anayekesha alale. Mimi nilimwambia mtu asiyepata usingizi akeshe!

Wala tiba ya nafsi si jambo geni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Wahenga wetu hao walikuwa wakiswali, wakisoma Qur'an na wakitibu. Mtume (s.a.w.) naye aliamrisha tujitibu, akafundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Sisemi watu waache dua, adhkari au ruqya ya kisheria. Hayo ni ya kwetu, na moyo hutulia kwa kumkumbuka Allah. Ninachosema ni kuwa kisomo kisiwe ukuta wa kumzuia mgonjwa asifike kwa daktari. Aliyevunjika mguu tunamwombea huku tukimpeleka kufungwa bandeji gumu. Kwa nini aliyeelemewa nafsi tumwache na dua peke yake?

Kwa anayejiona katika maelezo haya: mweleze mtu unayemwamini, kisha nenda hospitali. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Ukiwa Unguja iko Kidongo Chekundu. Kwenda huko hakukufanyi kichaa. Na kama unawaza kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu sasa hivi akupeleke.

Ijue pia haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huku Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Inatoa pia likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi ulete cheti cha daktari.

Mwisho nazungumza na viongozi wa taasisi zetu za Kiislamu. Tusilifanye neno fisabilillahi kuwa kisingizio cha kumchosha mja wa Allah. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwatwisha walio chini yetu wasichokiweza, na akaagiza tukiwatwisha basi tuwasaidie. Aliagiza pia mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwalimu anayelia darasani huenda hana jini lolote. Huenda ana vipindi vingi na mshahara wa miezi miwili haujalipwa.

Yule ndugu yangu nimeshamwomba radhi, naye amenisamehe. Tumwombe Allah (s.w.) atujaalie masikio ya kusikiliza kabla ya ndimi za kuhukumu.

Wabillahi tawfiq.