Wema na Ujuzi

Huulizwa kama mtu wa kujitolea, asiye na mshahara wala cheo, aweza kulaumiwa akikosea katika kuokoa maisha. Wengi hujibu kwamba hawezi, kwa kuwa atoaye zawadi hadaiwi. Jibu hili lina huruma kwa msaidizi, lakini halina haki kwa mgonjwa.

Mwezi wa Mei, 2015, maelfu ya Warundi walioikimbia nchi yao walisongamana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika karibu na mpaka. Njia ya kutokea ilikuwa maji: mashua ziliwapeleka hadi meli ya Liemba, nayo ikawafikisha Kigoma. Kipindupindu kilizuka kikaua watu wapatao 30. Miongoni mwa waliowahudumia walikuwamo watu wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu.

Ugonjwa huu ni mtihani mkali wa wema. Humkausha mtu maji ya mwili, na kwa saa chache waweza kumwua. Msaada wa kwanza ni mwepesi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, mgonjwa akanyweshwa kidogo kidogo. Lakini chumvi ikizidi, kinywaji hudhuru. Na mikono isiponawa, msaidizi huupeleka ugonjwa kutoka mkeka hadi mkeka. Mioyo miwili yaweza kuwa sawa kwa huruma, mmoja ukaponya na mwingine ukaua.

Basi hiari ya kujitolea hukoma mlangoni. Kabla ya kuingia mtu yu huru. Akiisha kumshika mgonjwa, wajibu umeanza, maana mgonjwa amemwachia roho yake, na wengine waliotaka kusaidia wamerudi nyuma wakidhani amepatikana ajuaye. Wajibu huo ni kujifunza kwanza, kutenda alichojifunza, na kukoma ujuzi unapokoma: aliyezidiwa huhitaji maji ya kutiwa mshipani, na hayo ni kazi ya tabibu.

Lakini deni haliko upande mmoja. Jamii iliyomwita haiwezi kudai ujuzi ambao haikumfundisha, wala usafi bila kumpa sabuni, wala kumkabidhi mgonjwa kwa tabibu asiyekuwapo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msaidizi naye akilipwa sifa tupu badala ya mafunzo, gharama yake humwangukia mgonjwa.