Kichina na Nia ya Mwenye Kujifunza

Baadhi ya wazazi wa Malindi na Kilifi wametuuliza: je, yafaa kijana aliye chuo kikuu kujifunza Kichina, naye hana nia ila mshahara? Swali limekuja wakati wake. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na reli mpya ya Mombasa na Nairobi, waliyoijenga Wachina, ikaanza kazi mwaka 2017. Vijana waifuata kazi ilipo.

Kwanza twapenda kuondoa hoja moja. Wengi hutoa dalili ya hadithi isemayo kuwa elimu itafutwe hata Uchina. Hadithi hiyo wanavyuoni wameidhoofisha, na Ibn Jauzi ameitia katika zilizozuliwa. Jambo jema halina haja ya tegemeo bovu. Dalili yenye nguvu ni ya Zaid bin Thabit, aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwaamini juu ya barua zake. Haukupita muda mrefu akawa yeye ndiye mwenye kusoma na kuandika.

Wako wasemao kuwa hiyo ni lugha ya makafiri. Hayo yalisemwa pia juu ya Kiingereza, hali Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akihimiza elimu katika gazeti lake la Al-Islah, Mombasa, mwaka 1932. Hatuna haja ya kuyarudia.

Kutaka riziki ya halali si aibu, na baba aliyeuza minazi yake kwa ajili ya karo ana haki ya kutazamia kitu. Lakini nia ndiyo ipimayo kiasi cha elimu. Atakaye mshahara tu hujifunza maneno ya kumridhisha msimamizi, kisha husimama baina yake na vibarua mfano wa kipaza sauti. Zaid alisomeshwa ili umma usome barua zake wenyewe. Ni wangapi katika vijana wetu wakusudiao kuusoma mkataba kama ulivyoandikwa?

Tena liko la kwetu. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, na habari zake zimo katika vitabu vya huko. Mambrui liko kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Habari hizi za mji wetu twazipata kwa Kiingereza, zimefasiriwa na wageni.

Basi wazazi twawajibu: yafaa. Mtoto ajapo likizo, muulizeni kama amefika kusoma, au yu katika kusema tu.