Mali ya Marehemu Ng'ambo ya Mpaka

Mauti hayaulizi mtu anakaa nchi gani. Lakini mali anayoiacha huulizwa mara moja. Nyumba iliyo Kongo hugawanywa kwa sheria za Kongo, na nyumba iliyo Zambia hufuata sheria za Zambia. Tena mtu mmoja aweza kuacha nyumba huku na huku. Katika nchi yetu ya shaba jambo hili si geni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari, na wengi walilazimika kutafuta riziki mahali pengine. Wako waliovuka Kasumbalesa.

Basi tuulize: mume na mke wamechuma mali pamoja, na mmoja amefariki. Mwenye kubaki ana haki ya nini? Na kama sheria ya ng'ambo inampa yote, je, dhamiri nayo inampa yote?

Tuweke mfano, usio wa mtu fulani. Baba mmoja wa Mutoshi, karibu na mji wa Kolwezi, alifiwa na mke wake, akabaki na watoto wawili. Akaoa tena, ndoa ikaandikwa mbele ya Serikali na kubarikiwa kanisani. Yeye na mke wake wa pili wakanunua kiwanja Mutoshi, wakajenga. Kazi ilipokwisha walihamia Kitwe, Zambia, wakapata kibali cha kukaa daima. Huko walizaa watoto watatu, wakanunua nyumba nyingine. Wale wawili wakubwa walibaki Mutoshi kwa bibi yao, mama wa baba. Sasa baba amefariki bila kuacha wosia.

Sheria zasemaje?

Katika Kongo iko Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyosahihishwa tarehe 15 Julai 2016. Kama mume na mke hawakuchagua utaratibu mwingine siku ya kuoana, mali waliyoichuma katika ndoa ni ya wote wawili. Mmoja akifa, nusu ni ya mwenziwe. Nusu hiyo si urithi; ilikuwa yake tangu mwanzo. Nusu ya marehemu ndiyo urithi. Robo tatu za urithi ni za watoto wote, sawasawa. Robo inayobaki hugawanywa kwa mjane, kwa wazazi wa marehemu, na kwa ndugu zake, kila kundi fungu lake.

Tukikata nyumba ya Mutoshi vipande 24, hesabu yake ni hii: mjane 12 vilivyo vyake mwenyewe; watoto watano kwa pamoja 9; mjane tena 1; bibi 1; ndugu wa marehemu 1. Mjane basi ana 13.

Zambia ilipokea sheria zake kutoka kwa Waingereza. Huko hati ya nyumba ya watu wawili yaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza wawili hao huhesabiwa kama mwenye nyumba mmoja. Mmoja akifa, anayebaki hushika nyumba yote, wala haiingii katika urithi. Kwa namna ya pili kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 huwazuia wageni wengi kupewa ardhi. Lakini humkubalia mgeni kuipokea kwa urithi, au kwa haki ya mwenye kubaki. Hati ya Kitwe, katika mfano wetu, imeandikwa kwa namna ya kwanza. Huko mjane ana vipande vyote 24.

Hapo vishawishi viwili vinaingia, kimoja kila upande wa mpaka. Huko Kitwe mjane asema: "Nyumba ni yangu, watoto wa yule mwingine hawanihusu." Huko Mutoshi ndugu za marehemu wasema: "Yeye amekwenda ng'ambo, ana nyumba yake, kiwanja hiki ni cha ukoo wetu." Kila mmoja ameufanya mpaka kuwa pazia la kujificha.

Shamba bila mjane

Maandiko Matakatifu yana habari inayofanana sana na hii. Elimeleki wa Betlehemu alihama kwa ajili ya njaa, akaenda nchi ya Moabu na mke wake Naomi na wana wao wawili. Huko akafa, na wanawe wakafa. Naomi akarudi pamoja na mkwewe Ruthu, Mmoabu, naye pia mjane. Boazi akaketi langoni pa mji, akaita wazee kumi, akamwuliza ndugu aliye wa karibu zaidi kama atalikomboa shamba la Elimeleki. Yule ndugu akakubali upesi. Lakini alipoelezwa kwamba shamba halitengani na mjane, na kwamba atapaswa kuliinua jina la marehemu, akakataa. Alilitaka shamba, hakuutaka mzigo wake.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Mali ya marehemu haiji peke yake. Baba alipokuwa hai, jasho lake lilikuwa na wenyewe: mke wake, watoto wake wote, mama yake mzee. Alikuwa na deni kwao. Mwenye kushika mali yake ashika na deni lake. Sheria hubadilika ukivuka mpaka, lakini deni halibadiliki.

Mjane wetu aweza kutujibu: "Lakini marehemu mwenyewe alitia sahihi. Alitaka niipate yote." Neno hili lina nguvu, tusilidharau. Hati ya namna hiyo yamlinda mjane asifukuzwe na jamaa siku ya matanga, na mume mwema aweza kuitaka kwa sababu hiyo hasa. Hata hivyo mtu hawezi kutoa zawadi kwa mali anayodaiwa. Baba hawezi kwa sahihi moja kufuta wajibu wake wa kuwalea aliowazaa. Alimwachia mke nyumba. Hakumwachia ruhusa ya kuwasahau watoto wake.

Aweza kujibu tena: "Wakubwa hao hawakuleta hata chumvi baba yao alipougua." Yawezekana. Lakini fungu la mtoto si mshahara wa tabia njema. Amelipata kwa kuzaliwa.

Na ndugu wa Mutoshi tuwaambie nini? Tuwaambie kwamba ukarimu wa sheria ya Zambia si ruhusa ya kuiba katika Kongo. Vile vipande 13 ni vya mjane, awe Kitwe au awe Mutoshi. Tangu watu walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014, twajua jinsi kiwanja cha Kolwezi kinavyotamaniwa, ingawa madini ya chini ni mali ya Taifa. Bwana wetu Yesu Kristu aliwakemea vikali walimu wa sheria waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tusidhani alisema na watu wa zamani tu.

Mkeka mmoja

Je, kuna njia ya haki? Iko. Jamaa waketi pamoja, wahesabu nyumba zote mbili juu ya mkeka mmoja, kana kwamba mpaka haupo. Mjane na watoto watatu wanahitaji paa; paa lao ni Kitwe, wakae kwa amani, wala asidaiwe kuiuza. Watoto wawili na bibi yao wanahitaji paa. Paa lao ni Mutoshi. Mjane akiona hivyo, aweza kwa hiari yake kuwaachia fungu lake la Mutoshi, mbele ya mashahidi na kwa maandishi yatakayopelekwa mahakamani na kwa msajili wa ardhi. Mafungu ya watoto wake watatu yabaki yao, maana mama hawezi kutoa kilicho cha watoto wadogo.

Lakini angalieni neno "hiari". Mjane akitoa, ni haki na mapendo. Wakimnyang'anya kiwanja kilekile, ni wizi, ingawa watoto walewale watalala ndani yake.

Mt. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kumiliki mali kama yake, lakini katika kuitumia yampasa awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Mwenye hati na afuate fundisho hilo.

Ninyi mume na mke mlio hai, msingoje kilio. Kwanza, andikisheni ndoa yenu mbele ya Serikali. Cheti cha parokia peke yake hakitoshi mahakamani, wala ndoa ya mila isiyoandikishwa. Pili, someni hati zenu, mjue zimeandikwa kwa namna gani. Katika Kongo mwenye kiwanja ni yule aliye na cheti cha usajili. Karatasi ya mkuu wa mtaa haitoshi. Tatu, andikeni wosia kwa kila nchi mliyo na mali, na watoto wote watajwe kwa majina, hata wale wasiokaa nanyi. Nne, warithi wasikawie: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na tafsiri zake kwa Kifaransa au Kiingereza vitadaiwa pande zote mbili, na safari ya Kolwezi mpaka Lubumbashi peke yake ni kilomita kama 300.

Mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu alikataa kuwa mgawanyaji. Akawaonya watu wajilinde na choyo. Kugawa vipande ametuachia sisi na mahakimu wetu. Choyo hatakiondoa hakimu wa Kitwe wala wa Kolwezi. Kila mtu ajihukumu mwenyewe kabla ya kutia sahihi.