Askari wa Risasi na Haki ya Wafu

Vita ni jambo zito, na mchezo ni jambo jepesi. Hata hivyo wanadamu wa kila zama wamependa kuyakutanisha mambo mawili haya. Mtoto hushika kijiti akakiita bunduki. Wazee huketi barazani wakitekana kete za bao. Wafalme walistarehe kwa sataranji. Katika jamaa ya michezo hiyo umo mmoja unaochezwa na watu wazima, wenye kazi zao na nyumba zao, hasa katika Uingereza, Ufaransa na Marekani. Hao hupigana upya juu ya meza vita vya Napoleon, vilivyokwisha mwaka 1815, kwa majeshi ya sanamu ndogo walizozipaka rangi kwa mikono yao. Aghalabu kazi ya kupaka huchukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, na wako wapakaji wasiocheza kabisa. Basi swali la maadili linazuka: je, ni halali kwa mtu mwema kukipamba kitu kilichoua watu wengi mno, mpaka kikawa kizuri machoni?

Kabla ya hukumu, yafaa kazi yenyewe ijulikane. Sanamu ya kawaida ina kimo cha milimita 28 hivi. Husubiwa katika kalibu. Zamani kwa risasi iliyochanganywa na bati, siku hizi kwa bati lenye madini mengine au kwa plastiki. Fundi huikwangua kingo zilizoachwa na kalibu, huipaka rangi ya msingi, nyeusi au nyeupe, kisha huanza kuivika. Mfaransa hupewa koti la buluu, Mwingereza jekundu, Mwaustria jeupe, Mrusi la kijani, na Mprusia buluu iliyoiva. Baada ya koti hufuata mikanda inayokatizana kifuani, mkoba wa mgongoni, vifungo, na ukosi ambao rangi yake ilitofautisha rejimenti moja na nyingine. Kila rangi hupakwa kwa daraja: yenye giza katika mikunjo, ya wastani mahali pa wazi, na iliyong'azwa pale mwanga unapoangukia. Mwisho huja uso, ambao ni mdogo kuliko punje ya mahindi, nao hudai pua, mashavu na kivuli chini ya kofia.

Hesabu nayo ina nafasi yake. Kwa amri ya mwaka 1808 batalioni ya Kifaransa ilikuwa na kombania sita za watu 140, yaani watu 840. Meza haiwezi kubeba wote. Kwa hiyo sanamu moja huhesabiwa kuwa watu 20, au 33, kwa kadiri ya kanuni zilizochaguliwa. Kwa kipimo cha ishirini batalioni hiyo huwa sanamu 42, nazo ni kazi ya jioni nyingi.

Zikiisha kupakwa, sanamu hupata ardhi. Hubandikwa kwa gundi, nne nne au sita sita, juu ya kitako cha kadi ngumu au mbao nyembamba. Upana wa kitako hauchaguliwi ovyo, kwa maana ndio unaosimama mahali pa upana wa safu uwanjani, na kanuni zote za mwendo na shabaha hupimwa kwa huo. Juu ya kitako hupakwa gundi na kunyunyizwa mchanga. Mchanga hupakwa rangi ya udongo. Kisha brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu yake kwa rangi nyeupe zaidi, ili chembe zionekane moja moja. Mwisho hubandikwa majani ya bandia. Mtazamaji asiyejua kazi hii hukisahau kitako mara moja. Macho yake huenda kwenye makoti. Lakini katika swali la maadili kitako kina habari kubwa kuliko koti, kama itakavyoonekana.

Lugha ya Kiswahili imeliweka swali hili wazi bila kukusudia. Risasi ni jina la madini, na risasi ni jina la kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Katika zama za Napoleon jina hilo moja lingestahili vitu hivyo viwili hata huko Ulaya, kwa kuwa bunduki ya askari wa miguu ilirusha tufe la risasi tupu. Kwa hiyo sanamu za kale na kifo cha waliosawiriwa vilitoka katika chungu kimoja cha madini. Anayelaumu mchezo huu hahitaji hoja ndefu kuliko hiyo. Mzaha mzaha hutumbua usaha, husema wahenga.

Mlaumu ana ushahidi mwingine. Mchezo wa vita wa mezani haukulelewa na watoto peke yao. Mwaka 1824 ofisa wa Prusia aliyeitwa Reisswitz, akiitengeneza kazi iliyoanzwa na baba yake, alitoa mchezo uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, pamoja na dadu na mwamuzi. Wakuu wa jeshi waliukubali, ukawa chombo cha kufundishia maofisa. Hapa mchezo ulikuwa shule, na somo lake lilikuwa kushinda vita vya kweli.

Mtetezi naye ana ushahidi wake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea sakafuni. Mwishoni mwake alidai kwamba vita vidogo ni bora mno kuliko vita vikubwa, na kwamba mtu aliyevicheza huona upesi jinsi vita vya kweli vilivyo vya upumbavu. Hoja ni njema. Lakini Agosti 1914 vita vikubwa vilizuka, na kabla ya mwaka huo kwisha vilikuwa vimefika hata Tanga. Baada ya vita vilivyofuata, walioandika vitabu vya kuueneza mchezo huu walikuwamo watu walioijua bunduki. Donald Featherstone, aliyetoa War Games mwaka 1962, alikuwa amepigana katika kikosi cha vifaru. Peter Young, mmoja wa waandishi wawili wa Charge! cha mwaka 1967, aliwahi kuwaongoza makomando. Haielekei kwamba watu hao hawakujua walichokuwa wakikichezea.

Ushahidi wa pande hizi mbili haukati shauri. Mchezo haukuzuia vita, wala haukuvileta. Prusia ingalikuwa na jeshi hata bila ya Reisswitz, na kitabu cha Wells kisingaliweza kuwaziba masikio watawala wa 1914. Anayetaka hukumu ya haki hana budi kuacha kuuliza mchezo unafanya nini duniani, akauliza kazi ya mikono inasema nini juu ya watu waliokufa. Sanamu ni usemi. Na kila usemi waweza kuwa kweli au uongo.

Kisa cha William Siborne kinafundisha jambo hili. Ofisa huyu Mwingereza, ambaye mwenyewe hakupigana Waterloo, aliagizwa mwaka 1830 kutengeneza mfano wa uwanja huo. Alikaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte akipima ardhi, na akawaandikia maofisa waliosalimika awaulize kila mmoja alisimama wapi, aliona nini, na mazao ya shambani yalikuwa ya namna gani. Serikali ilipoacha kulipia, aliendelea kwa fedha zake na kwa madeni. Mfano ulionyeshwa London mwaka 1838, ukiwa na sanamu zaidi ya 70,000 za madini, nao unaonyesha saa moja hivi ya jioni ya tarehe 18 Juni 1815. Umehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi mjini humo.

Ugomvi ukazuka juu ya Waprusia. Siborne, kwa ushahidi aliokusanya, aliwaweka uwanjani kwa wingi na mbele sana wakati ule. Duke wa Wellington na watu wake hawakuridhika, maana Waprusia wakionekana wamekwisha kufika kwa nguvu, ushindi hauwi tena wa Waingereza karibu peke yao. Hatimaye Siborne alikubali kuibadili sehemu hiyo. Visanamu visivyofika urefu wa ukucha vilimsumbua mshindi wa Napoleon. Basi nani awezaye kusema kwamba kazi hii ni upuuzi usio na kweli wala uongo ndani yake?

Kete ya bao haina deni hilo. Kete ni kete. Ikitekwa hakuna mama aliyelia, kwa sababu haikudai kamwe kuwa mtu. Vipande vya Reisswitz vilikuwa vivyo hivyo. Lakini mara brashi inapoweka shavu na jicho, dai limetolewa: huyu alikuwa mtu. Tena ni mtu mmoja anayesimama mahali pa ishirini. Mchezaji anapoiondoa sanamu mezani kwa vidole viwili, ameondoa watu ishirini, waliouawa, waliojeruhiwa na waliokimbia, bila kuambiwa yupi ni yupi. Uso ukitolewa, uwajibikaji huja pamoja nao.

Uongo wa kwanza ni wa koti. Vitabu vya sare huonyesha askari kama alivyoagizwa awe. Askari mwenyewe alikuwa vingine. Alitembea majuma mengi, akavaa koti kuukuu juu ya sare yake, akashona viraka kwa kitambaa chochote alichopata, akafunika kofia yake kwa mfuko ili isiharibike. Usiku wa kuamkia Waterloo ulikuwa wa mvua kubwa, na majeshi yote yalilala topeni. Mpakaji anayewavika wote sare ya gwaride amechagua upande wa karani wa ghala la nguo. Anayepaka tope magotini na kiraka kiwikoni amechagua upande wa aliyeivaa nguo.

Uongo wa pili ni mkubwa zaidi, na ndio wa kitako. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika meza nyingi tembo hupigana kutwa nzima na nyasi hazipindi hata jani. Uwanja wa Waterloo ulikuwa mashamba ya nafaka ndefu, iliyokaribia kuvunwa. Ilipofika jioni ilikuwa imesagwa ikachanganyika na matope, na juu yake wamelala makumi ya maelfu ya watu waliokufa na waliojeruhiwa, pamoja na farasi wao. Mchoraji Mhispania Goya, aliyeishi katika vita hivyohivyo vya Napoleon upande wa Hispania, aliichora ardhi ya namna hiyo katika picha zake za Maafa ya Vita. Humo mna miili, njaa na wanawake, na sare ni chache. Picha hizo hazikuchapishwa ila mwaka 1863, miaka 35 baada ya kufa kwake. Makoti mazuri hayakuhitaji kungoja hivyo.

Wako wachezaji ambao huweka kando ya batalioni sanamu ya mtu aliyeanguka, ili kuhesabu hasara iliyoipata. Hufanya hivyo kwa haja ya mchezo. Lakini haja hiyo imeleta mezani kitu ambacho fahari ingalikificha. Aliyekufa anabaki machoni pa wanaocheza mpaka mwisho, mahali pa kutiwa sandukuni upesi. Huo ni mwanzo wa haki.

Jibu la swali basi haliwezi kuwa ndiyo tupu wala la tupu. Kuna heshima ya kweli katika kumpa mtu wa risasi saa nzima ya jioni. Yumkini katika uhai wake mtu yule hakuwahi kutazamwa muda mrefu hivyo na mkubwa yeyote. Jina lake lilikuwa mstari katika daftari, na kifo chake kilikuwa tarakimu. Subira ya mpakaji humrudishia sehemu ya utu alionyimwa. Lakini subira hiyo ikiishia kwenye vifungo na mabomba ya dhahabu ya jenerali, imekuwa utumishi mpya kwa walewale waliomtuma kufa.

Sharti la uhalali ni dogo, nalo laweza kutimizwa na mkono wowote uwezao kushika brashi. Mpakaji asipake tu kile ambacho mkuu angependa kukiona toka juu ya farasi wake. Apake pia kile ambacho askari alikiona alipoinamisha kichwa: tope, nafaka iliyolala, na mwenzake asiyeinuka. Kazi hiyo itamgharimu gundi na mchanga zaidi kidogo, na meza yake haitapendeza kama ya jirani. Hata hivyo wafu wakihesabiwa juu yake, watakuwamo.