Je, Mwigizaji ni Mnafiki?



Wiki iliyopita binti mmoja wa Kidato cha Tano alinionyesha kwenye simu yake programu ya kiangazi ya Chuo Kikuu cha Northwestern, kule Marekani. Tangu 1931 chuo hicho kinapokea wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, na wanaitwa Makerubi. Wanaochagua maigizo wanafundishwa wiki kadhaa mfululizo: sauti, mwili, mazoezi kutwa, kisha jukwaani. "Frateri, natamani kitu kama hiki. Ila mama anasema nitajifunza unafiki tu. Ni kweli?"

Nikacheka. Usiku sikucheka tena.

Mama ana hoja. Neno la Kigiriki ambalo Injili inatumia kwa wanafiki lilikuwa pia jina la mwigizaji wa jukwaani. Yesu anapowasema wanaosali njia panda ili waonekane, ni kama anawaambia: nyie mnaigiza.

Lakini tutofautishe. Mtakatifu Augustino anafundisha kwamba uongo unahitaji nia ya kudanganya. Sasa ukimwigiza Yuda Ijumaa Kuu, nani kadanganywa? Parokia nzima inajua wewe ni mtoto wa nani. Mwigizaji anavaa sura mbele ya watu, kisha anaivua mbele yao. Mnafiki naye yuko jukwaani, ila anaapa kwamba hakuna jukwaa.

Utaniuliza: Aristotle si alisema tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki? Anayerudia usaliti kila siku mazoezini hatakuwa msaliti? Hapana. Kinachojenga tabia ni tendo ulilolichagua. Anayemwigiza Yuda hakuchagua kusaliti. Amechagua kuelewa mtu anafikaje pale, na huenda akauogopa moyo wake mwenyewe. Hatari haimo kwa Yuda. Imo kwenye makofi. Ukizoea kuishi kwa makofi, utayatafuta hata ukiwa umepiga magoti.

Hapo ndipo usingizi uliponiisha. Mimi sina jukwaa, nina kanzu. Kuna asubuhi nasali moyo ukiwa mkavu kabisa, halafu nikisikia hatua za mlezi nyuma yangu, nanyoosha mgongo. Kusali bila kuhisi kitu si unafiki, ni uaminifu. Ule mgongo ndio unafiki. Magoti ni yaleyale, aliyebadilika ni mtazamaji.

Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II, aliigiza Kraków chini ya Wanazi, katika kikundi cha siri kilichoanza 1941. Walicheza majumbani, kwa watu wachache, bila tangazo wala sifa, na kukamatwa kungeweza kuwagharimu maisha. Mwaka 1942 akaanza seminari, nayo ya siri. Alikuwa ameshazoea kufanya jambo kwa moyo wote bila kusifiwa na umma.

Basi nikamjibu: Mdogo wangu, jifunze kuigiza, na ujifunze vizuri. Ila kila jioni baada ya mazoezi, tafuta dakika tano mahali ambapo hakuna anayekuona, umwambie Mungu ukweli wako wa siku hiyo.

Nami nimeanza. Dakika tano hizo ni ngumu kuliko nilivyodhani.

Mtakatifu Genesio, msimamizi wa waigizaji, utuombee.