Je, Bawabu Ana Hatia?

Neno tulitakalo kulitazama mwezi huu ni la zamani, wala halijapata jawabu la kuwaridhisha watu wote. Ni hili: ubaya uliofanywa na watu elfu, kila mtu sehemu yake ndogo, ni hatia ya nani? Mtu akiiba mbuzi, twajua tumshike nani. Lakini kijito kikikauka kwa sababu kila mwenye shamba amekata mti mmoja ukingoni, aliyekikausha ni yupi? Kila mmoja atatupeleka kwenye kisiki chake na kutuambia kwamba ni kimoja tu.

Tutalitazama kwa njia ya hadithi ya kubuni, tena ya kuchekesha. Msomaji asidhani ya kuwa tunacheza. Nathani alipomwendea Daudi hakuanza na mashtaka, alianza na kisa cha mwana-kondoo, na mfalme akakasirika kabla hajatambua ya kuwa anajikasirikia mwenyewe.

Mtungaji wa hadithi yetu ni Karel Čapek, Mcheki, aliyezaliwa mwaka 1890, akafanya kazi ya kuandika magazeti katika mji wa Praha. Wengi hawalijui jina lake, lakini neno moja lililotoka katika mchezo wake wa mwaka 1920 wanalo vinywani kila siku, nalo ni roboti. Kwa lugha yake “robota” ni kazi ya shuruti, kama ile waliyofanyishwa watu wa shamba na mabwana wao. Kitabu tutakacho kukisimulia kilitoka mwaka 1936, nacho chaitwa Vita na Salamanda.

Kisa chenyewe ndicho hiki. Nahodha mmoja mzee, jina lake van Toch, alikuwa akitafuta lulu katika visiwa vya karibu na Sumatra. Akafika kwenye ghuba ambayo wenyeji waliiogopa, wakisema ina mashetani. Nahodha hakuona mashetani. Aliona wanyama wa majini wafananao na mijusi wakubwa, wasimamao kwa miguu miwili, wapole, wepesi wa kujifunza. Hao ndio salamanda. Akawaonyesha jinsi ya kufungua chaza, nao wakamletea lulu. Alipoona ya kuwa papa wanawala, akawahurumia, akawapa visu. Tena aliwapenda kweli, kama mtu apendavyo watoto wa jirani. Basi akataka kuwapeleka kwenye visiwa vingine, naye hakuwa na fedha za merikebu, akamwendea tajiri mmoja wa Praha, Bwana Bondy, ambaye walitoka mji mmoja.

Mlangoni alikuwapo bawabu, jina lake Povondra. Nahodha hakuwa na miadi, wala mavazi yake hayakuwa ya mtu wa heshima. Bawabu akasitasita, amruhusu au amwambie ya kuwa bwana hayupo. Mwisho akamruhusu. Tulikumbuke tendo hili, maana ndilo tutakalolipima.

Miaka ikapita. Lulu zikawa nyingi mno, bei yake ikaanguka, na nahodha akafa. Ndipo Bondy akawakusanya wenye hisa na kuwaambia ya kuwa mali iliyobaki si lulu, ni salamanda wenyewe. Wanaweza kujenga bandari, kuchimba mifereji, kuzidisha nchi kavu mahali palipokuwa maji. Wakauzwa kwa mafungu yenye bei zake, kuanzia viongozi na wenye nguvu hata wale walioandikwa katika orodha kuwa takataka. Wakasafirishwa ndani ya matangi, na wengi wakafa njiani. Sisi tukaao katika nchi ambazo misafara ya watumwa ilizipita kwenda pwani hatuhitaji kufafanuliwa hapa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wazee waliozaliwa kabla ya mwaka huo walijua maana ya kupewa bei kwa kutazamwa meno.

Kuna jambo dogo tusilotaka kulipita. Wataalamu katika kitabu walimpa mnyama huyu jina la Scheuchzer, nalo si la kubuni. Johann Jakob Scheuchzer alikuwa tabibu wa Zürich. Mwaka 1726 alitangaza mifupa iliyopatikana ndani ya jiwe, akisema ni ya mtu aliyezama katika gharika ya Nuhu. Mwaka 1811 Mfaransa Cuvier akalichunguza jiwe lile, akaonyesha ya kuwa mifupa ni ya salamanda mkubwa wa kale. Tabibu yule alikuwa amemtazama mnyama, akamwona mwanadamu. Čapek akaipindua habari hiyo: watu wa kitabu chake wanawatazama viumbe wasemao na kusoma magazeti, wakaona chombo cha kazi tu.

Turudi katika kisa. Salamanda waliongezeka hata wakazidi wanadamu kwa idadi. Kila dola ikawa na salamanda wake wa kulinda pwani zake, ikawapa silaha, kwa kuwa dola jirani imewapa wake. Hapa dhihaka ya Čapek ni kali sana, kwa sababu hakuna hata mmoja asemaye upumbavu ulio wazi. Waziri anasema ya kuwa hawezi kuiacha nchi yake bila ulinzi. Mwenye kiwanda anasema ya kuwa asipouza yeye atauza mwingine, na watu wake watakosa kazi. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, utamwona ana busara. Akatokea mtu asiyetaja jina lake ila kwa herufi X, akaandika ya kuwa mataifa yaache kuwauzia salamanda silaha. Watu wakamsoma, wakabishana naye, na biashara ikaendelea.

Salamanda hawawezi kukaa katika maji ya kina kirefu, huishi pwani tu, na sasa pwani za dunia hazikuwatosha. Basi nchi ikaanza kuvunjwa. Kwanza ilikuwa Louisiana katika Marekani, ambako ardhi ilitetemeka na bahari ikaingia. Kisha usiku mmoja ikasikika katika redio sauti ya Mkuu wa Salamanda, akisema kwa adabu ya kuwa hana chuki na mtu, ila anahitaji pwani zaidi. Akaomba auziwe baruti na chuma, naye atalipa dhahabu. Wakamwuzia. Mkutano ukafanyika Vaduz ili kutafuta amani, na upande wa salamanda ukasemewa na mawakili watatu, wanadamu wote, kwa malipo. Huko likatolewa shauri kwamba salamanda wapewe sehemu kubwa ya China waizamishe, ili nchi za Ulaya zisiguswe.

Miaka miwili tu baada ya kitabu kutoka, Septemba 1938, wakuu wa Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa walikutana München, wakakata sehemu ya nchi ya Čapek na kumpa Hitler ili wengine wapate amani. Wenye nchi hawakupewa kiti katika mashauri hayo. Čapek alikufa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Praha tarehe 15 Machi 1939, na nduguye Josef, ambaye ndiye aliyelitoa lile neno roboti, alifungwa mwaka huo akafa kifungoni mwaka 1945.

Sasa bawabu. Povondra alikuwa mtu mwema, mwenye mke na mwana. Zamani za faida alijivuna nyumbani kwake kwamba pasipo yeye kumfungulia nahodha mlango mambo haya makubwa yasingalikuwapo. Akaanza kukata habari zote za salamanda katika magazeti na kuziweka katika masanduku, mwaka hata mwaka. (Mkewe, kwa kupenda unadhifu, alichoma nyingine kwa siri. Nasi twaona hasara, kwa maana ndivyo zipoteavyo kumbukumbu za vijiji vyetu pia.) Nchi zilipoanza kuzama hakuogopa, kwa kuwa Wacheki hawana bahari. Hata siku moja, ameketi na mwanawe wakivua samaki katika mto Vltava, ndani ya Praha, akaona kichwa cheusi kikitokea majini. Akaenda nyumbani akalala kitandani, akasema ya kuwa yeye ndiye mwenye hatia, kwa sababu alimruhusu nahodha.

Mwanawe akamfariji. Akamwambia ya kuwa walioyafanya ni madola na wenye mali, kila mtu alitaka kupata kitu kwa salamanda. Wasomaji wengi wa kitabu hiki humcheka mzee na kukubaliana na kijana. Sisi hatuwezi kukubaliana naye moja kwa moja. Ni kweli ya kuwa madola yalifanya. Lakini neno “kila mtu” likitumiwa hivi huwa kama shuka pana ambalo wote hujifunika, na chini yake hamwoni uso wa mtu. Tena hatia si mzigo wa kuni, hata ikichukuliwa na watu elfu kila mmoja abaki na kijiti. Watu kumi wakimpiga mtu hata akafa, hatusemi ya kuwa kila mmoja ameua sehemu ya kumi ya mtu.

Hata hivyo mzee naye amekosea mahali pa kuitafuta. Anaitafuta mlangoni. Mlangoni hakujua kitu. Alimwona mzee wa baharini amechoka, akamfungulia, na lau angalimfukuza tungalimwita mtu mgumu. Wala nahodha hakutenda uovu alipowapa visu wanyama walioliwa na papa. Tukianza kuwahukumu watu kwa mambo yaliyotoka mbali namna hii katika matendo yao mema, hakuna atakayethubutu kumpa mgeni maji.

Lakini yale masanduku je? Huyu ni mtu aliyesoma kila siku, miaka mingi, habari za kununuliwa na kuuzwa, za silaha, za maonyo, za nchi kuzama. Labda Praha nzima hakuna aliyekuwa na habari nyingi kuliko bawabu huyu. Akazikata vizuri kwa mkasi, akazipanga. Tunasema ya kuwa kama ana hatia, imo humo masandukuni, si mlangoni. Ujinga wa kwanza una udhuru, bali maarifa yaliyowekwa akiba kama mihuri ya barua hayana.

Mtu atasema ya kuwa haya ni ya hadithini. Tuchukue basi jambo lililotukia. Karibu na mwaka 1930 watu wa Marekani walitengeneza hewa za kutia baridi katika majokofu, zisizoungua wala kuwadhuru waliozivuta. Zilionekana kuwa baraka, na waliozitengeneza walikuwa kama nahodha na visu vyake. Mwaka 1974 wanachuo wawili, Molina na Rowland, wakaonyesha ya kuwa hewa hizo hupanda juu sana na kuila ozoni, yaani hewa itukingayo na mionzi mikali ya jua. Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, ingawa viwanda vilikuwa vile vile na hewa ile ile. Wenye viwanda wakabisha kwa miaka kadhaa. Lakini mwaka 1987, mjini Montreal, mataifa yakatia sahihi mapatano ya kuziondoa, nayo yakashikwa. Kwa hiyo Čapek hakusema kweli yote. Watu wanaweza kuacha kuuza.

Tukiri ya kuwa jambo la Montreal lilikuwa jepesi kuliko mengine, maana viwanda vilikuwa vichache na kitu cha badala kilipatikana. Makaa ya mawe na mafuta ni neno jingine, kwa kuwa yameingia katika kila chombo na kila chungu. Wataalamu waliokusanya vipimo vya dunia nzima wameandika ya kuwa kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kadiri ya sentimeta 20, wala hapana salamanda aliyechimba ufuko. Habari hizi zimo katika magazeti yetu, nasi twazisoma.

Mwalimu mmoja wa dini atatuuliza, na ana haki, bawabu angalifanya nini? Hakuwa waziri wala mwenye kiwanda. Ni kweli, angaliweza machache. Angaliweza kubisha katika chumba cha Bwana Bondy, na sanduku moja mkononi, akamwambia, Bwana, nimesoma haya yote, na mimi siwezi tena kuwafungulia mlango wanunuzi. Yamkini angalifukuzwa kazi siku ile ile, na kesho yake bawabu mwingine angalisimama pale pale. Hatudai ya kuwa Louisiana ingalipona. Ila katika kitabu kile kirefu, chenye maneno ya mawaziri, mabenki, mawakili na wanafalsafa, hatukumwona mtu yeyote wa nyumba ya Bondy akipanda ngazi zile na kubisha.